Taifa Likikosa, Nani Hulipa?

Katika kila kijiji na kila mtaa wa nchi zetu, jambo hili hata mtoto analijua: mtu akiliharibu shamba la jirani yake, haitoshi kusema, "Basi, nimekoma." Kwanza atatoka shambani. Pili ataahidi mbele ya wazee kwamba hatarudia. Tatu atalipa mahindi aliyoyaharibu. Na majirani wengine nao wana wajibu wao: wasinunue mahindi ya wizi, wasimsaidie mwizi kuyabeba, wala wasimwite mwenye shamba mtu asiye mwenye shamba. Sheria hii haikuandikwa kitabuni, lakini bila yake hapana ujirani.

Swali tunaloliweka mbele ya wasomaji wetu leo ni hili: je, mkosaji akiwa si mtu mmoja bali ni taifa zima, lenye bendera, jeshi na kiti katika Umoja wa Mataifa, sheria hiyo inakufa? Wako wasemao kwamba inakufa. Husema kwamba baina ya mataifa hapana sheria ila mabavu, na kwamba mwenye nguvu mpishe. Sisi hatukubaliani nao, wala hatusemi hivyo kwa matumaini matupu. Twasema hivyo kwa kuwa mambo yaliyotendeka yanatuonyesha vingine, na mengine yametendeka papa hapa, miongoni mwa watu wanaosema lugha hii tunayoiandika.

Na tuanze na sheria yenyewe. Tarehe 13 Septemba 1928, Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, ile iliyoitangulia Mahakama ya leo ya The Hague, ilitoa hukumu katika shauri la kiwanda cha Chorzów, kilichochukuliwa na serikali ya Poland kutoka mikononi mwa makampuni ya Kijerumani. Mahakama ilisema kwamba malipo ya kosa hayana budi, kadiri iwezekanavyo, kuyafuta matokeo yote ya kosa lile na kuirudisha hali ambayo ingekuwapo lau kosa lisingalitendeka. Huo ndio msingi wa nyumba. Mwaka 2001, Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 40, ilikamilisha vifungu 59 vinavyoeleza wajibu wa nchi iliyokosa, na tarehe 12 Desemba mwaka huo Baraza Kuu likavipokea na kuvitambulisha kwa serikali zote. Vifungu hivyo si mkataba uliotiwa sahihi, lakini mahakama za dunia huvirejea mara kwa mara, kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyomo ni desturi iliyokwisha kukubaliwa.

Vinasema nini? Vinasema kwamba nchi iliyokosa itakoma. Kwamba itatoa ahadi ya kutorudia pale hali inapohitaji. Na kwamba italipa madhara yote iliyoyaleta, ama kwa kukirudisha kilichochukuliwa, ama kwa fidia ya fedha, ama kwa kuliridhisha taifa lililokosewa, kama vile kukiri kosa na kuomba radhi. Kisha vinaongeza jambo zito. Makosa mengine ni makubwa mno hata hayabaki kuwa ugomvi wa wawili. Kuvamia nchi ya watu, kuangamiza kabila, utumwa, utesaji, ubaguzi wa rangi uliofanywa kuwa mtindo wa serikali, kuwanyima watu haki ya kujitawala: hayo ni makosa juu ya dunia nzima. Likitendeka kosa la namna hiyo kwa kiwango kikubwa au kwa mpango, mataifa yote mengine yanapaswa kushirikiana kulikomesha kwa njia za halali. Hayaruhusiwi kuitambua hali iliyozaliwa na kosa. Wala hayaruhusiwi kuisaidia hali hiyo idumu.

Sasa na tutazame sheria hiyo ikifanya kazi. Mwezi wa Juni 1999, serikali ya Kongo ilipeleka mashtaka yake The Hague dhidi ya Uganda. Mwaka uliotangulia majeshi ya Uganda yalikuwa yamesonga mbele ndani ya mashariki ya Kongo, yakatwaa miji na viwanja vya ndege, na katika Ituri yakawa ndiyo serikali. Mwezi ule ule wa Juni 1999 kamanda wa majeshi hayo aliunda mkoa mpya, Kibali-Ituri, akauwekea na gavana wake. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Uganda na ya Rwanda, nchi mbili zilizoingia Kongo zikiwa marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe kwa siku sita katikati ya mji wa Kisangani. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi: mamia ya raia waliuawa katika mji ambao haukuwa wa tembo yeyote kati ya hao wawili.

Uganda ilijitetea. Ilisema kwamba iliingia kwa idhini ya Kongo, kisha ikabaki kwa kujilinda dhidi ya waasi waliokuwa wakiishambulia kutoka ng'ambo ya mpaka. Mahakama ilizipima hoja hizo moja moja, na tarehe 19 Desemba 2005 ikatoa hukumu. Ilikubali kwamba hapo awali Kongo ilikuwa imeruhusu majeshi ya Uganda kuwapo mpakani; lakini idhini hiyo iliondolewa mwezi wa Agosti 1998, wala haikuwa idhini ya kusonga mamia ya maili na kuitwaa nchi. Kwa hiyo Uganda ilikuwa imevunja sheria ya kutotumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, na katika Ituri ilikuwa mtawala wa mabavu. Ilibeba dhambi za kuua na kutesa raia, za kufundisha watoto vita, za kuchochea ugomvi wa makabila, na za kupora dhahabu, almasi na mali nyingine ya asili.

Hapa pana jambo ambalo kila mfanyakazi apaswa kulifahamu barabara. Mahakama haikusema kwamba serikali ya Kampala ilikuwa na mpango wa kuipora Kongo. Ilisema kwamba ushahidi wa mpango wa namna hiyo haukuletwa. Hata hivyo Uganda ilikutwa na hatia. Kwa nini? Kwa sababu jeshi ni kiungo cha nchi, kama mkono ulivyo kiungo cha mwili. Afisa akipora, nchi imepora, hata kama amekiuka amri aliyopewa. Na penye eneo ulilolikalia kwa mabavu, wajibu wako ni mkubwa zaidi: hata waporaji wasio askari wako, wakipora mbele ya macho yako nawe usiwazuie, wewe utaulizwa. Kinga ya kusema "hatukuwatuma" haikufaa kitu. Tena, sehemu ya ushahidi mzito ilitoka Uganda kwenyewe, katika tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali hiyo mwaka 2001 chini ya Jaji David Porter.

Haki haina upendeleo, na shauri hili lilionyesha hivyo. Mahakama ilikataa kuibebesha Uganda makosa ya kundi la waasi wa Kikongo ambalo haikuthibitishwa kwamba lilikuwa chini ya amri yake. Na Kongo nayo ilikutwa na kosa lake, kwa kuwa askari wake walikuwa wameuvamia ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa na kuwatendea vibaya wanadiplomasia. Aliyedhulumiwa hapati ruhusa ya kudhulumu.

Ikabaki hesabu ya malipo. Mahakama iliziachia nchi mbili hizo zipatane zenyewe. Zilikaa, zikasema, zisipatane. Na mwaka 2015 Kongo ikarudi mahakamani. Ilidai zaidi ya dola bilioni 11 za Marekani. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ikatoa hukumu ya mwisho: dola milioni 325, yaani milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa asili. Zilipwe kwa mafungu matano, milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Uganda haikuifurahia hukumu hiyo, lakini fungu la kwanza ililipa mwezi huo wa Septemba.

Wapo watakaosema: miaka 23 ya kungoja, kwa kupewa punje tatu katika kila punje mia zilizodaiwa! Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Mahakama yenyewe ilikadiria kwamba waliokufa, ambao Uganda ilipasa kulipa kwa ajili yao, walikuwa kati ya 10,000 na 15,000, ilhali Kongo ilikuwa imedai kwa ajili ya watu 180,000. Majina yako wapi? Hati za vifo ziko wapi? Kijiji kikichomwa moto, daftari za vizazi na vifo huungua pamoja nacho. Maskini hukosewa mara ya kwanza kwa risasi, na mara ya pili kwa kukosa karatasi. Fundisho lake ni zito: nchi changa zisidharau kazi ya karani anayeandika vizazi, vifo na mipaka ya mashamba. Siku ya haki, daftari lake ndilo shahidi.

Na tuilinganishe fidia hiyo na nyingine. Mwezi wa Agosti 1990 Iraki iliivamia Kuwait na kuikalia kwa miezi saba. Baraza la Usalama liliunda chombo maalum cha fidia, kikapewa sehemu ya mapato ya mafuta ya Iraki. Na hadi malipo ya mwisho yalipotolewa mwezi wa Januari 2022, kilikuwa kimelipa dola bilioni 52.4 kwa watu wapatao milioni moja na nusu, makampuni na serikali. Mwezi uliofuata ndipo ilipotoka hukumu ya Kongo. Wino wa malipo ya Kuwait ulikuwa haujakauka, na upande wa pili wa mizani ukawekwa milioni 325.

Je, damu ya Kuwait ni ghali kuliko damu ya Ituri? La hasha. Tofauti ni kwamba kwa Kuwait wakubwa wa dunia walitaka malipo yapatikane, na mafuta ya kulipia yalikuwapo. Kwa Kongo pakabaki mahakama peke yake, na mizani ya ushahidi. Twalisema hili wazi, kwa sababu asiyeuona upungufu wa sheria hataweza kuutengeneza.

Upungufu mwingine ni huu. Mahakama ya The Hague haimhukumu asiyekubali kuhukumiwa nayo. Tumeona kwamba Kisangani ilipigwa na majeshi mawili. Kongo iliishtaki Rwanda pia, lakini tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ilisema kwamba haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, kwa kuwa Rwanda haikuwa imeyakubali mamlaka yake. Haikusema kwamba Rwanda haina kosa. Ilisema kwamba haiwezi kuuliza. Mtu wa Kisangani aliyepoteza nyumba yake kwa kombora hangeweza kujua limetoka upande upi, na sheria ikamjibu kwamba inategemea.

Wala mataifa makubwa si mfano mwema. Tarehe 27 Juni 1986 Mahakama hiyo hiyo iliihukumu Marekani kwa makosa yake dhidi ya Nikaragua, yakiwamo ya kutega mabomu katika bandari zake, na kuipasa kulipa fidia. Marekani ilikataa hukumu, na shauri lilipofikishwa mbele ya Baraza la Usalama ili hukumu itimizwe, ikatumia kura yake ya turufu kujilinda. Mwaka 1991 Nikaragua, chini ya serikali mpya, iliyaondoa madai yake. Twauliza: yule anayeihubiria Afrika utawala wa sheria, mbona mlangoni kwake sheria hubisha hodi isifunguliwe?

Hata hivyo, ndugu wasomaji, tusikate shauri kwamba sheria hii ni sauti ya mbiu isiyo na watu. Namibia inatufundisha vingine. Mwaka 1966 Ethiopia na Liberia zilishindwa The Hague katika shauri lao juu ya utawala wa Makaburu katika nchi hiyo: majaji waligawanyika saba kwa saba, na kura ya rais wa Mahakama ikalitupa shauri. Afrika ilikasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini haikulala. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Baraza Kuu lilitangaza kwamba dhamana ya Afrika Kusini juu ya nchi hiyo imekwisha. Mwaka 1970 Baraza la Usalama likasema kwamba kuwapo kwake huko si halali, na likaiuliza Mahakama: matokeo yake ni nini kwa mataifa mengine?

Jibu lilitoka tarehe 21 Juni 1971. Afrika Kusini inapaswa kuondoka mara moja. Na wanachama wa Umoja wa Mataifa wanapaswa kutambua kwamba utawala wake huko ni batili, na wajiepushe na tendo lolote la kuutambua au kuusaidia. Lakini Mahakama iliongeza neno la busara: kutokuutambua utawala huo kusiwadhuru Wanamibia wenyewe. Cheti cha kuzaliwa, cha kufa au cha ndoa kisitupwe ati kwa sababu kimepigwa muhuri na mtawala wa mabavu. Adhabu imwangukie mkosaji, isimwangukie mtoto aliyezaliwa chini yake.

Wasemao kwamba karatasi za mahakama haziwafikii watu wa chini na wayatazame yaliyofuata. Siku chache baada ya jibu hilo, viongozi wa makanisa ya Kilutheri ya Namibia waliandika barua ya wazi kwa Waziri Mkuu Vorster kuupinga utawala wake. Na mwezi wa Desemba mwaka huo huo maelfu ya wafanyakazi wa mikataba, waliokuwa wakitolewa kaskazini na kugawanywa migodini, mashambani na viwandani kama mizigo, waliweka chini zana zao. Migodi ikasimama. Hawakuwa wanasheria, lakini walijua kwamba bwana wao sasa hana hoja. Uhuru ulifika tarehe 21 Machi 1990. Miaka 19 ni mingi, na waliokufa katikati yake hawakurudi. Lakini katika miaka hiyo mkosaji alizidi kupungukiwa na marafiki waliothubutu kusimama naye hadharani.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Rodesia ya Ian Smith, iliyojitangazia uhuru wa walowezi wachache tarehe 11 Novemba 1965. Baraza la Usalama liliyataka mataifa yote yasiitambue, na hapana taifa lililoitambua. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: mwezi wa Desemba ilikata uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya kutoikomesha dhuluma hiyo, ingawa ilijua hasara itakayoipata. Na Makaburu walipoipa Transkei "uhuru" mwaka 1976, bendera ilipandishwa, wimbo ukaimbwa, na dunia yote ikageuza uso. Kutokutambua hakuhitaji mizinga. Kunahitaji uthabiti tu, na hata nchi maskini inaweza kuwa nao.

Wajibu huo haukubaki katika vitabu vya historia. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya The Hague ilisema kwamba Israeli kuendelea kuwapo katika ardhi ya Wapalestina iliyokaliwa tangu 1967 si halali, na kwamba mataifa yote yanapaswa kutoitambua hali hiyo wala kuisaidia idumu. Hapa Arusha nako, tarehe 26 Juni 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba inayo mamlaka ya kusikiliza madai mapya ya Kongo dhidi ya Rwanda. Uamuzi huo haukusema nani mkosaji. Ulifungua mlango tu. Lakini mlango uliofungwa The Hague mwaka 2006 umefunguliwa katika ardhi ya Afrika, na majaji wa Afrika. Hilo si jambo dogo.

Lipo swali la mwisho, nalo ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wetu. Taifa likihukumiwa, nani hasa hulipa? Zile dola milioni 65 za kila mwaka hazikutolewa mfukoni mwa aliyeondoka Ituri na dhahabu. Zilitoka katika hazina, na hazina hujazwa na mkulima wa kahawa, mwalimu wa shule, dereva wa lori na mama muuza ndizi wa Kampala, ambao hawakuiona dhahabu ile hata kwa macho. Aliyekula ni mmoja, waliolipa ni umma. Na upande wa pili wa mpaka, fedha hazimfikii mjane wa Bunia kwa upepo. Serikali ya Kongo iliunda mfuko maalum wa kuwagawia walioathirika, wenye makao yake Kisangani, na Mahakama iliikaribisha ahadi yake ya kuwagawia kwa haki. Fidia ikiishia ofisini Kinshasa, kosa la kwanza litakuwa limezaa la pili, na safari hii mkosaji si mgeni.

Kwa hiyo basi, yatupasa kutambua mambo mawili. Kwanza, wananchi wana haki na wajibu wa kuuliza, kabla askari hajavuka mpaka, anavuka kwa idhini gani, kwa kazi gani, na nani atamchunga akiwa huko. Maana deni la kosa lake wataandikiwa wao na watoto wao. Pili, wana haki ya kuuliza kila serikali inayonunua, inayouza au inayotia sahihi: mali hii imetoka shamba la nani? Dhahabu iliyovuka mpaka bila karatasi haigeuki kuwa halali kwa sababu imepigwa muhuri upande wetu. Mpokeaji wa mali ya wizi hana pa kujificha mbele ya sheria tuliyoieleza.

Sheria ya mataifa haina polisi wake. Ina mashahidi, ina daftari, na ina watu wanaokataa kumwita mporaji mwenye mali. Wakiwa wachache, mkosaji hucheka. Wakiwa wengi, kama walivyokuwa juu ya Namibia, hutafuta njia ya kutokea. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya asiyetaka kulipa ni majirani wote kumkumbusha kila asubuhi kwamba anadaiwa.